Jinsi ya kumwanzisha shule mtoto wa wafugaji wanaohama, na abaki humo

Hii nawaandikia hasa vijana wa maboma ambao mmesoma kidogo, mnajua kujaza fomu, na kila mwisho wa mwaka shangazi anakuja anasema mwanangu nisaidie huyu mtoto aanze shule. Na walimu mliopangiwa Kiteto, Simanjiro, Longido, Ngorongoro, hata Rufiji na Kilwa huko ambako Wasukuma na Wabarabaig waliingia na ng'ombe zao baada ya kutolewa Ihefu 2006 na 2007. Mifano yangu mingi ni ya Wamasai wa Manyara na Arusha maana huko ndo nakujua vizuri, wengine mtabadilisha kulingana na kwenu.

Kabla ya yote, tuachane na ile kauli ya "wafugaji hawapendi shule". Wapo wasioipenda, sikatai, na wapo wakulima wasioipenda pia ila hao hawasemwi. Ada ya shule ya msingi iliondolewa 2001, halafu kuanzia Januari 2016 elimu bila malipo ikafika mpaka kidato cha nne, na bado ukienda ronjo, zile kambi za muda za mifugo wakati wa kiangazi, mwezi wa tisa unakuta watoto wa darasa la pili wanachunga. Kwahiyo hela sio jibu lote. Shule imejengwa sehemu moja na nyasi hazikai sehemu moja, ndo ishu yenyewe hiyo, na kama hujaipangia hiyo hata umnunulie mtoto sare tatu utakuwa umefanya kazi bure.

Anza na ng'ombe

Ukifika bomani usianze na "huyu mtoto mnampeleka shule?". Watasema ndio. Wewe ni mgeni, wanakuheshimu, chai utakunywa na maziwa utapewa, halafu Januari mtoto hayupo. Wewe uliza habari za mifugo: nyasi za huku zinaisha mwezi gani, kiangazi mnaelekea wapi, nani anaenda na ng'ombe wakubwa, nani anabaki na ndama, ronjo mnakaa mpaka lini. Watu wataongea mpaka usiku maana hayo ndo maisha yao, na wewe kichwani unapanga: huyu mtoto mwezi wa pili yuko hapa, mwezi wa nane yuko kule.

Sasa chukua hayo majibu uyalaze juu ya kalenda ya shule. Muhula wa kwanza, Januari mpaka Juni, kwa kawaida hauna shida sana kwa sababu masika ya Machi mpaka Mei nyasi ziko karibu na familia iko pamoja. Muhula wa pili ndo balaa. Unaanza Julai, na Julai vijana wameshaanza kutoka na ng'ombe, hawarudi mpaka vuli zishike huko Novemba, na vuli zikigoma kama mwaka ule wa 2021 kuingia 2022, ambapo Simanjiro mifugo ilikufa kwa makumi ya maelfu, basi familia nzima inafuata maji popote yalipo. Na mitihani ya taifa imekaa humo humo, darasa la saba ni Septemba na upimaji wa darasa la nne ni Oktoba mwishoni. Yani mtoto anatahiniwa mwezi ambao baba yake anamhitaji kuliko miezi yote ya mwaka.

Kingine ambacho walimu wageni hawakioni mapema: mtoto wa kiume akifika miaka sita, saba, ndo anakabidhiwa ndama na vitoto vya mbuzi achunge karibu na boma. Ni umri ule ule wa darasa la kwanza. Kwahiyo unapomwomba baba amtoe mtoto, kwake yeye unaomba mfanyakazi, na swali lake la kwanza hata kama halisemi ni ndama atachunga nani. Nenda na jibu. Linalofanya kazi mara nyingi ni maboma mawili matatu ya jirani kuunganisha ndama wao wachungwe pamoja na mtu mmoja mkubwa, kwa zamu au kwa kulipwa kidogo. Wengine wanaajiri mchungaji kabisa, kama mifugo inatosha. Wengine wanapatana mtoto achunge jumamosi na jumapili na likizo zote, na hii kubali tu usilete ubishi, mtoto anayejua shule na ng'ombe vyote viwili hajaharibika.

Utakutana na mzee anasema nitatoa mmoja, mwingine abaki na ng'ombe. Ni mgawanyo wa zamani sana huo. Wazee wenyewe wanasimulia kwamba enzi za mkoloni walipolazimishwa kutoa watoto walikuwa wanatoa yule wasiyemtegemea, mzuri wa ng'ombe wanamficha. Usigombane siku hiyo, chukua huyo mmoja, ila mwambie wazi utarudi kumfuata wa pili, na kweli rudi.

Tafuta anayebaki

Hii ndo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Boma la Kimasai halihami lote kila mwaka. Ng'ombe wakubwa wanaondoka na vijana na wake wadogo wawili watatu, ila nyumbani anabaki koko, yani bibi, wanabaki wazee, wanabaki kina mama wenye vichanga. Mtoto wa shule inabidi awe wa upande wa kubaki, na hilo liamuliwe kabla ya safari. Likiachwa mpaka siku ya kuondoka, mtoto anapanda punda na mizigo.

Halafu kuna maziwa. Mtoto anafuata maziwa, na kama ng'ombe wote wanaokamuliwa wameenda ronjo basi kwa koko kuna uji mweupe tu, na wiki ya pili mtoto mwenyewe anatoroka kwenda kwa mama. Kwahiyo kwenye makubaliano tajeni ng'ombe. Sio "tutaacha wachache". Nimekaa kwenye kikao ambacho mzee alikubali mtoto abaki, watu wakataka kuinuka, mama mmoja mzima akasema tukae kwanza, na ng'ombe je? Ikabidi mzee ataje mmoja mmoja mbele ya watu, yule mwekundu aliyezaa juzi abaki, na yule wa madoa mwenye pembe iliyovunjika abaki, na mbuzi wa maziwa wanne. Baada ya hapo hakuna wa kumgeuka koko. Mkimaliza andika kwenye daftari kama wewe ni mtu wa kuandika, wao hawahitaji.

Kama hakuna kabisa anayebaki, tafuta ndugu anayeishi karibu na shule, mtu wa ukoo ule ule ndo bora maana watoto wanalelewa na ukoo bila maneno mengi. Peleka na mbuzi, gunia la mahindi, usipeleke mtoto mikono mitupu mwaka mzima halafu ushangae anafanyishwa kazi.

Bweni je? Watu wengi wanafikiri hilo ndo suluhisho rahisi. Mjue tu kwamba waraka wa wizara wa Machi 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa shule yenye kibali maalum. Kwa mtoto mdogo kwahiyo mpango wako mkuu ni koko. Kuanzia darasa la tano bweni linawezekana, na kwa familia inayohama kweli kweli mimi naliunga mkono, ila nenda kalione kwa macho, nani analala na watoto, mlango unafungwa na nini, maji yanatoka wapi. Vile vyumba vya kupanga mtaani wanavyowekwa wasichana watatu wanne wajipikie wenyewe, hapana. Bora atembee.

Kuongea na mzee

Mfuate jioni ng'ombe wakishaingia, ametulia, ameshahesabu mifugo yake. Siku ya mnada usimfuate, kichwa kipo kwenye bei. Salamu zimalizike zote, kama wewe ni kijana inamisha kichwa akuguse, usijifanye mtu wa ofisi kisa umevaa viatu. Muite baba, au kama umri umeenda muite babu, na mama wa mtoto muite yeyo na umsikilize siku nyingine peke yake, kwa sababu mbele ya mume hatasema yote na mara nyingi yeye ndo ameanza kulitaka hili jambo. Ukiona mzee amekaza, pita kwa laigwanani, yule kiongozi wa rika lake. Neno la laigwanani mzee analimeza, lako wewe anaweza kulitema.

Kuhusu sheria: ndio, kuandikisha mtoto ni lazima kisheria na mzazi anaweza kupelekwa mahakamani. Ila kumbuka unaongea na watu ambao kuhama ni ujuzi wao. Ukija na mgambo leo, kesho asubuhi boma ni majivu ya moto wa jana tu na hujui wameelekea wapi. Sheria iweke mfukoni, itoe kwenye kesi za kuozesha mtoto, hapo usibembeleze mtu.

Makaratasi

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida unafunguliwa Oktoba, na Oktoba wengi bado wako ronjo. Usisubiri warudi. Anayebaki nyumbani anaweza kumwandikisha, mtoto mwenyewe ataonekana Januari. Peleka kadi ya kliniki kama ipo, na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Kama havipo nenda hivyo hivyo na barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji inayomtambua mtoto, umri mnakadiria kwa matukio, alizaliwa mvua ile kubwa, au alizaliwa kabla ya jando fulani, wazee hawakosei sana hapo. Mtoto asirudishwe nyumbani kisa karatasi, na ukiambiwa hivyo uliza kwa upole ni nani amesema, halafu panda kwa afisa elimu kata.

Cheti tafuta taratibu baadaye, usikiache kabisa maana mbele ya safari atakihitaji. Mtoto chini ya miaka mitano anasajiliwa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata kwa ule mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kwahiyo wale wadogo zake waliozaliwa juzi wamalize siku ile ile wanayokwenda chanjo. Waliovuka umri huo ni kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya au mtandaoni, na ushahidi unaotakiwa ni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule, vitu kama hivyo. Majina yaandikwe sawa kila mahali! Wamasai wanabadilishiwa majina na kila mwalimu, huku Lekishon huku Lekishoni huku Emmanuel, na ikifika darasa la saba unakuta mtoto mmoja ana majina matatu na hakuna linalolingana na cheti.

Uhamisho, hapa ndo wanapotelea wengi

Familia imehama kweli, sio ya kurudi, ukame umewapeleka wilaya nyingine. Mama anafika shule mpya Agosti na mtoto wake na daftari moja lililochanika kama ushahidi kwamba alikuwa darasa la tatu. Mwalimu mkuu anauliza uhamisho, hana. Anauliza namba ya PREM, mama hajawahi kuisikia. Basi mtoto anaambiwa asubiri, na kusubiri kwa mfugaji maana yake ni kurudi kwenye mbuzi.

Kila mwanafunzi wa msingi anasajiliwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani na anapewa namba yake ya PREM. Uhamisho unapita kwenye mfumo huo, shule anayotoka inamtoa na shule anayokwenda inampokea, kwahiyo bila mwalimu mkuu wa kwanza kufanya kazi yake huku wa pili amefungwa mikono. Fanya hivi. Kila mtoto wa boma akishasajiliwa, omba namba yake kwa mwalimu, iandike nyuma ya kadi ya kliniki, na ipige picha ubaki nayo kwenye simu yako wewe na ya mtu mwingine, simu za ronjo zinapotea na kulowa. Pia chukua namba ya simu ya mwalimu mkuu. Familia ikiamua kuhama aage shule, hata kama ni usiku mtu apige simu kesho yake. Wakishahama bila kuaga, mwalimu mpya ampokee mtoto akae darasani na taratibu za mfumo zifuate nyuma. Walimu wakuu mnaosoma hapa nawaomba sana hilo, kusoma hakumsubiri karani.

Ila mtoto akishasajiliwa kufanya mtihani wa la nne au la saba usimhamishe tena mwaka huo kama kuna namna yoyote. Na kama ameshaenda mbali, mrudishe wiki za mtihani afanyie pale pale aliposajiliwa. Nauli ya basi ni ndogo kuliko mwaka mzima wa kurudia.

Shule ikiwa mbali: shikizi

Mtoto wa miaka sita hawezi kutembea kilometa nane kwenye njia za tembo na fisi, na mzazi anayekataa hapo ana akili. Ndo maana kuna shule shikizi, madarasa machache ya wadogo yanayosimama karibu na watu chini ya shule mama, wakikua kidogo ndo wanaenda kwenye shule mama. Serikali yenyewe inazitambua, kwenye yale madarasa 15,000 ya fedha za Uviko 2021/22, 3,000 yalikuwa ya shikizi.

Mwanzo wake ni mdogo: orodha ya watoto kwa majina kitongoji kizima, kikao cha kitongoji, halafu mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari uliosainiwa unaotaja eneo lililotolewa. Bila muhtasari hamna kitu, mtazungushwa miaka. Nakala kwa mtendaji wa kata, kwa afisa elimu kata, na kwa mwalimu mkuu wa shule mama ambaye mnamtaka awe upande wenu tangu siku ya kwanza kwa sababu watoto wataandikwa kwenye shule yake. Diwani mshirikisheni ila msimwachie.

Eneo ndo watu wanachemka. Wanaweka darasa pale ambapo gari la mgeni linafika vizuri. Wekeni karibu na maji ya kudumu na karibu na maboma yanayobaki kiangazi, hata kama barabara ni mbaya, na msiweke kabisa kwenye mapito ya ng'ombe wala kwenye alalili, ile nyasi iliyotunzwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Ukijenga juu ya alalili umeshapigana na wazee kabla ya tofali la pili. Nyumba ya mwalimu ijengwe pamoja na darasa, sio baadaye. Baadaye haifiki, na mwalimu anayelala mjini anafundisha jumanne mpaka alhamisi.

Chakula na lugha

Chakula sitaongea sana, kila mtu anajua: shule yenye uji na makande kiangazi ina watoto, isiyo na kitu haina. Michango ya mahindi na maharage ikusanywe masika mifugo ikiwa na bei, mzee anauza mbuzi mmoja mnadani analipia mwaka. Ukimfuata Septemba ng'ombe wamekonda atakuona adui.

Lugha sasa. Mtoto anaingia darasa la kwanza hajui Kiswahili hata cha kuomba kwenda chooni, na mwalimu katoka Songea au Bukoba. Wiki zile za kwanza mtoto anakaa kimya, mwalimu anaandika mzito, wengine wanachapwa. Dawa ni darasa la awali, usiliruke, hata kama mzee anaona ni la kucheza. Na mwalimu tafuta kijana au mama wa pale anayejua Kimaasai akae na wewe darasani asubuhi, kijiji kinaweza kumlipa kwa maziwa na mahindi. Hesabu anzia kwenye ng'ombe, hao watoto wanajua kundi limepungua hata kabla hujamaliza kulitazama, waambie wewe ndo utajifunza kwao.

Waliochelewa, na mabinti

Mwenye miaka minane, tisa, kumi, bado mwandikishe kawaida, msimwonee aibu. Aliyefika 11 na kuendelea ulizia MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, kwenye shule au kwa afisa elimu kata: kundi la kwanza ni miaka 11 mpaka 13, wanasoma kwa haraka wanafanya mtihani wa darasa la nne na wakifaulu wanaingia la tano, la pili ni 14 mpaka 18. Kama shule yenu haina darasa hilo, orodha ya majina ishirini ya watoto hao mkononi inasaidia kuliko malalamiko.

Binti anapotea darasa la tano na la sita, akianza kuonekana mkubwa. Usisubiri tetesi. Likizo ya Desemba ndo ya hatari kwa sababu shule imefungwa, vuli imenyesha, ng'ombe wamerudi na watu wana sherehe. Kaa karibu na mama yake mapema, uliza kama kuna ng'ombe zilizokwishapokelewa kwa ajili yake, na kama zipo wahi kwa laigwanani kabla hazijaongezeka kwa sababu kurudisha mbili ni rahisi na kurudisha kumi ni vita. Kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo mpaka miaka 30 tangu marekebisho ya sheria ya 2016, hilo waambie wazee waziwazi kwenye mkutano mapema mwaka, usimtaje mtu. Na aliyeshajifungua anaruhusiwa kurudi, waraka ulitoka Novemba 2021, tena wasichana wengi bado hawajui, waambieni.

Mwisho wa mwezi wa tano rudi kila boma na ile orodha yako. Kabla ng'ombe hawajatoka. Uliza tena anayebaki ni nani, ng'ombe wa maziwa ni wepi, ndama wanachungwa na nani, na kama jibu limebadilika tangu Januari anza upya kikao hicho hicho, siku hiyo hiyo.